Kobe Aliyekaa Eda Nami

Mume wangu alizikwa Ijumaa. Jumatatu matanga yakaisha, watu wakabeba mikeka yao, na katika nyumba yetu ya Kiwalani tukabaki watatu: mimi, wifi yangu mkubwa, na kobe. Wifi alikuja kutoka Buguruni na begi la nguo za kutosha miezi mitano. Alikuja kunikalisha eda, miezi minne na siku kumi, kwa kuwa mama yangu alishatangulia na yeye ndiye mkubwa aliyebaki kwao. Kobe alibaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Alikuwa kobe wa mume wangu. Ni kobe wa maji, wale wadogo bapa wenye rangi ya tope, si wale wakubwa wa nchi kavu wanaotafuna majani. Alikuja na mafuriko, mwaka ambao maji yaliingia mpaka chumbani na godoro likaelea. Maji yalipopungua tukamkuta uani, kajibanza chini ya karo. Mimi nilitaka atupwe mtaroni, mume wangu akaenda kutafuta beseni. Tangu siku hiyo ikapita miaka kumi na miwili, na kwa kuwa Mungu hakutujaalia mtoto, majirani wakapata la kusema. Walimwita mke mwenzangu. "Mke mwenzio kashakula?" wananiuliza nikipita na ndoo. Nilikuwa nacheka nao, lakini msidhani ilikuwa hainiumi. Katika nyumba isiyo na mtoto, utani wowote una mwiba, na mwiba huo niliuchomoa nikamchoma nao mume wangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Yeye alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Wenzake walifungua vibanda vyao saa moja. Yeye hatoki nyumbani mpaka saa tatu imepita, kisa kobe. Jua likishavuka bati la jirani na kuingia uani kwetu, alimtoa kobe kwenye beseni, akamweka juu ya matofali mawili, akakaa naye chini na kikombe cha chai. "Anaota jua," ananiambia. Kobe ananyoosha shingo, halafu mguu mmoja wa nyuma, halafu wa pili, anatulia hivyo mpaka gamba linakauka na kuwa jeupe jeupe. Mimi nilisema maneno yote. Nilisema mwanamume mzima anakaa na kobe huku wateja wanahamia kwa wengine. Nilisema angeoa tu mke wa pili mwenye miguu miwili, nikajua moja. Mengi nilisema, ila kuuliza kwa nini lazima atolewe kila siku sikuuliza hata mara moja.

Wifi aliishika eda kwa mikono miwili. Nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kujitazama kwenye kioo, sauti chini. Mguu wangu usivuke kizingiti cha chumba isipokuwa kwenda msalani, na hapo yeye anatangulia kuchungulia kama uani hakuna mwanamume. Nyumba yetu ina vyumba sita na vinne tumepangisha, kwa hiyo wanaume walikuwepo.

"Mie sitaki kusikia mjane wa mdogo wangu anaonekanaonekana," alisema. "Utakaa ndani mpaka siku zako zitimie. Sie ndivyo tulivyokaa, na mama zetu ndivyo walivyokaa."

Nikakubali. Tena nilikubali kwa moyo mweupe, maana huzuni ikiwa kubwa mtu anashukuru akiambiwa pa kukaa. Na kwa kuwa mimi sitoki, nikamwomba wifi amlete kobe ndani nikae naye. Huko nje nani angemwangalia? Nikamweka beseni lake chini ya dirisha. Nikayaacha uani yale matofali, kwa sababu yangetia mchanga ndani ya maji na kumpunguzia nafasi. Nikajaza maji karibu na ukingo, aogelee anavyotaka. Asubuhi jua lilikuwa linampiga kupitia kioo, nikafunga dirisha ili upepo usimtie baridi. Maji nilibadilisha kila siku, yeye mume wangu alikuwa anabadilisha anapokumbuka. Nilijiona namtunza kuliko mwenyewe alivyomtunza, na nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu akaacha kula. Nilimtupia dagaa, wakaelea mpaka wakaoza. Nikawabadilisha, wakaoza na hao. Kisha macho yakavimba, yakafumba yote mawili kama mtu aliyeumwa na nyuki. Akaanza kuelea upande, bega moja juu na moja chini. Siku moja nilipomshika kumbadilishia maji, kidole changu kilibonyea kwenye ukingo wa gamba. Gamba la kobe lilibonyea kama muhogo ulioiva. Nilimwangusha majini.

Nilimwita wifi. Alimtazama kwa muda, machozi yakamlenga. "Anamlilia mwenyewe," akasema.

Habari ikatoka chumbani ikaenda uani, ikatoka uani ikaenda mtaani. Wanawake wakaanza kuja kumwona kobe anayelia. Walivua viatu mlangoni, wakanipa pole, kisha wakainama kwenye beseni. "Subhanallah. Mnyama ana mapenzi." Mmoja akasema wazi kuwa kobe naye yumo edani. Wakamsomea dua. Mie niliyaamini yale, nitafanyaje nisiyaamini? Na niliona wivu. Mie ninakula wali, ninalala, ninakoroma kwa ushahidi wa wifi, na kobe hali, halali, macho yamemvimba kwa kilio. Nilisema moyoni, mke mwenzangu amenishinda mpaka kwenye msiba.

Aliyetuzindua ni mpangaji wetu mmoja, mama wa Kisukuma anayefuga kuku wa nyama huko nyuma ya choo na kuwauza mtaani. Alikuja na sahani ya ndizi, akaiweka chini, akaingiza mkono kwenye beseni bila kuomba ruhusa. Alimgeuza kobe, akambonyeza tumbo, akamnusa.

"Jirani," akasema, "huyu hamlilii mtu. Huyu anaumwa. Vifaranga vyangu vikifungiwa ndani wiki tatu mifupa inalainika hivi hivi. Huyu anaota jua saa ngapi?"

Alimpigia simu daktari wake wa mifugo, wa Madale, akaweka sauti ya nje. Wifi akajifunika uso kama vile daktari anatuona. Sauti ilikuwa ya mwanamume asiye na haraka. Aliniuliza maswali kama ya hospitali: anakula nini, maji yana kina gani, ana pa kupanda atoke majini, jua analipata wapi.

"Dirishani," nikamjibu. "Analipata kila siku, daktari, linampiga kabisa."

"Kuna kioo?"

"Kipo."

"Basi mama, hapo anapata mwanga na joto. Ile nguvu ya jua inayomjengea gamba inaishia kwenye kioo, haipiti. Kobe wa maji lazima atoke nje, apande pakavu, akauke mwili mzima. Asipokauka anaota ukungu. Asipoota jua gamba linalainika, mwisho na mifupa. Zamani alikuwa anaotea wapi?"

Yule mama wa kuku akanigusa goti nijibu, na hapo nikakumbuka. Siku mbili kabla ya kufa, wodini, mume wangu alinishika kiganja akasema, "Asubuhi uwe unamtoa." Nikamwambia, "Wewe fikiria afya yako, achana na habari za kobe." Nikamtengenezea mto. Hakusema tena. Tukaongea habari za dripu.

"Uani," nikamjibu daktari. "Alikuwa na mtu wa kumtoa."

Daktari alikuja Jumamosi. Wifi hakumruhusu kuvuka kizingiti, kwa hiyo kobe alitibiwa mlangoni, mimi nikiwa nyuma ya pazia nauliza na yeye akilijibu pazia. Alimdunga sindano ya vitamini, akamwosha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akatufundisha kumpa vipande vya maini akianza kutaka kula. Akasema maji yapunguzwe, matofali yaingizwe ndani ya beseni. Kisha akasema kitu ambacho bado nakisikia. "Akipata jua wiki hii, tunaweza kumpata. Akilikosa wiki hii, mama, wiki ijayo msinipigie."

Ilikuwa masika. Mnajua masika ya Dar yanavyokuwa yakiamua. Siku mbili mfululizo hatukuliona jua, bati linapigwa kuanzia alfajiri, ua umejaa maji mpaka kwenye ngazi. Mama wa kuku akaniazima taa ya vifaranga, ile nyekundu yenye joto. Nikaining'iniza juu ya matofali, nikampandisha kobe kwa mkono. Anajiviringisha, anaanguka majini. Nampandisha, anaanguka. Nilimshika mgongoni nusu saa nzima nikimbembeleza kwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu. "Kaa, baba. Kaa kidogo tu. Nakuomba." Nilipompigia daktari akasema taa inasaidia joto, ila jua ni jua.

Siku ya tatu jua likatoka, na hapo ndipo nilipotaka kuchanganyikiwa.

Lazima niseme kuhusu ua wetu. Ni ua wa watu wema. Ukianika nguo na mvua ikaja hupo, utakuta zimeanuliwa, zimekunjwa, zipo kitandani kwako. Ukiacha unga juani na kunguru wakausogelea, kuna mtu ataufunika. Hakuna anayeuliza ni vya nani. Kila mtu anaanua vya wote, na ndiyo maana tumekaa na wapangaji wale wale miaka mingi bila kugombana. Sasa mama wa kuku alitoa beseni na matofali uani, akamweka kobe juani saa mbili na nusu, akaenda kuuza kuku wake. Mimi niko dirishani, nimeegemeza paji la uso kwenye nondo, namtazama. Hazikupita dakika tano, mpangaji akapita na ndoo. Akamwona kobe wa maji yuko kwenye tofali, kavu, macho yamevimba, jua linamwakia. Akamhurumia. Akamrudisha majini, akamwongezea na maji ya ndoo yake.

Nikagonga kioo, akadhani namshukuru. Akanipungia mkono.

Siku ya nne mpangaji mwingine alimwanua. Siku hiyo hiyo, nilipomwomba wifi akamtoe tena, alimtoa, akasimama naye, akaona kobe anahema, akaingiwa na hofu. Alimrudisha majini, akafunika beseni kwa ungo, juu ya ungo akaweka jiwe.

"Unamwanika kiumbe kama dagaa!" alinifokea. "Ameumbwa wa maji, mwache akae majini. Hizo ni tamaa za pesa za huyo daktari."

"Wifi, anakufa."

"Kufa ni kwa Mungu. Na sauti ushushe, uko edani."

Niliishusha. Nilikaa kitandani nikauma kanga. Nilikuwa na hasira na watu ambao hawajanikosea, na hakuna hasira mbaya kama hiyo, haina pa kutua. Wote walikuwa wanafanya nilichokifanya mimi mwezi mzima. Wote walikuwa wanampenda mpaka afe.

Siku ya tano mvua. Siku ya sita, Ijumaa, kukapambazuka kweupe. Wifi alishakwenda Buguruni kuangalia nyumba yake. Mama wa kuku akamtoa kobe nje, akamweka kwenye tofali, akanionyesha kwa mkono dirishani, akaondoka na tenga lake. Kobe hakunyoosha shingo. Alilala vile alivyowekwa, kichwa nje kidogo, hakitafuti kitu. Nilikuwa namtazama shingo kuona kama anapumua, na sikuweza kuona.

Ndipo mlango wa geti ukafunguliwa. Ni mpangaji wa chumba cha mwisho, mzee anayelinda ghala usiku na kurudi asubuhi, mtu mpole kuliko wote pale. Alivua kofia kwa uchovu, akaliona tofali. "Maskini," nikamsikia anasema, "wamekusahau." Akaweka mfuko wake chini, akainama.

Sikumbuki kufungua mlango wa chumba. Nakumbuka saruji ya ua ilikuwa ya moto chini ya nyayo zangu, na macho yangu hayakuweza kufunguka kwa jua, siku hamsini na moja sikuwa nimesimama juani.

"Usimguse!" nilipiga kelele. Kisha nikakumbuka ninaongea na nani. "Shikamoo, baba. Nisamehe. Mwache, naomba. Naomba unipishe."

Alinitazama mara moja, nguo nyeupe, miguu pekupeku, akageuka haraka na kuweka kofia usoni. "Marahaba, mwanangu," akasema kwa kofia. Akaingia chumbani kwake, akakomea komeo kwa sauti ili nisikie.

Nikakaa chini kando ya matofali. Sikuwa na chai. Nilikaa tu, mkono wangu mmoja juu ya kichwa cha kobe kumpa kivuli kidogo machoni, kama daktari alivyotuelekeza. Dakika kumi hakufanya kitu. Ndege ikapita chini chini kwenda kutua, mabati yakatetemeka, hakushtuka. Gamba likaanza kukauka ukingoni. Halafu shingo ikatoka. Ikatoka polepole, ikageukia upande jua lilipo, macho yakiwa bado yamefumba. Mguu wa nyuma ukafuata, ukanyooka, vidole vikafunguka. Nilijua ni kitu gani, nimekiona miaka kumi na miwili nikipita na ndoo.

Wifi akatukuta hivyo. Alisimama getini na mfuko wa vitunguu, mdomo wazi.

"Ingia ndani."

"Nikiingia mtamwanua."

"Umetoka mbele ya wanaume! Umevunja eda. Siku zote hizo umezimwaga chini, unajua? Utaanza upya. Miezi minne na siku kumi, utaanza upya!"

"Basi leo ni siku ya kwanza," nilimwambia. "Na kesho saa tatu nitakuwa hapa hapa, nianze tena. Na keshokutwa. Nitaanza upya kila siku mpaka na mie mnizike, wifi, lakini huyu harudi majini hajakauka."

Hakuwahi kujibiwa hivyo na mke wa mdogo wake. Nilimwona anavuta pumzi ya kunijibu, na kabla hajanijibu nikatoa lile jingine. "Aliniambia nimtoe. Wodini pale, alinishika mkono akaniambia asubuhi nimtoe. Nikamkemea. Neno la mwisho la maana aliloniambia, nikamkemea."

Wifi alimtazama kobe, ule mguu ulionyooka. Akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kuwapigia simu ukoo mzima, na kusema kweli sikujali.

Alirudi amebeba mashuka yote ya nyumba. Alianza na kamba ya nguo, akatundika shuka la kwanza, akabana na vibanio, akafuata kamba ya pili. Akaburuta viti viwili kuzibia pale ambapo kamba haifiki. Alifanya kazi ile bila kunitazama, anahema, vibanio viko mdomoni. Alipomaliza nilikuwa nimezungukwa pande zote nne na mashuka ya maua, na juu yangu mbingu. Akaingia, akakaa chini upande wa pili wa matofali.

"Mwanamke wa eda hakai nje," akasema. "Hapa ni ndani. Pamekosa bati tu."

Baadaye ustadhi wa mtaa alituambia kuwa ua wa nyumba yako ni nyumba yako, na kwamba hakuna cha kuanza upya. Mengine yalikuwa ni ada za bibi zetu. Lakini wifi hakungoja ustadhi. Kesho yake saa tatu alitundika mashuka mwenyewe, na keshokutwa. Aliwaambia wapangaji wote kwamba atakayemgusa kobe atakutana naye.

Ila kobe hakula. Msidhani jua ni muujiza. Siku saba zilipita, siku nane, tunamwosha macho, tunamkausha, tunamwekea maini mbele ya mdomo, anayapita. Jicho moja lilifunguka kidogo, lingine likakataa. Usiku nilikuwa naamka kumgusa nikihakikisha. Nilimpigia daktari nikamwambia wiki imekwisha na bado ninapiga, akasema niendelee.

Siku ya tisa, tumo ndani ya mashuka, wifi ameshika kipande cha ini kwa ncha ya kijiti. Nilikuwa nimeshachoka kutazama. Kobe akanyoosha shingo, akanusa. Akafungua mdomo, akauma. Akavuta ini kwa nguvu mpaka kijiti kikamtoka wifi mkononi.

Sauti iliyonitoka siijui ilitoka wapi. Msibani sikulia hivyo. Nililia kwa kelele mpaka nikalala chini kifudifudi kwenye saruji, na wifi naye akapandisha sauti, tukawa tunalia wawili. Nikasikia milango inafunguliwa, ndoo inaanguka, miguu inakimbia. Mama wa kuku akafunua shuka, mikono imejaa manyoya, kanga ameshaitupia kichwani na mkeka uko kwapani. Nyuma yake wapangaji wote, na mzee mlinzi kwa mbali, ametoka usingizini.

"Nani?" akauliza. "Nani tena jamani?"

Nilijaribu mara mbili ndipo neno likatoka.

"Amekula," nikamwambia. "Kobe amekula."

Walitazamana. Kisha mama wa kuku akautandika ule mkeka hivyo hivyo, wanawake wakakaa, wakaniacha nilie.